Barua za Baba Zilizokuwa Zikirudi

Masasi,
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naanza na macho: yanaendeleaje? Bado yanatoa machozi asubuhi jua likipiga ziwani, au yameshazoea? Na presha, na mguu, na wale kuku wako wakorofi? Mimi ni mzima. Vumbi la huku limenipa kikohozi kidogo, na ghalani tunapokea korosho tangu asubuhi hadi jioni. Karani nimebaki peke yangu, mwenzangu yuko likizo ya uzazi. Samaki wa huku wanatoka baharini, nawala kwa kuwa sina jinsi. Sato wa ziwani ni sato, mama.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Simu nimejaribu. Mara tatu nimekupigia nikiwa nimejipanga, na mara tatu nimeishia kuuliza habari za kuku. Mdomo umenikataa, nikaona mkono usaidie.

Ni habari ya kompyuta ya baba.

Unakumbuka mwaka aliostaafu ualimu nilimfungulia barua pepe kwenye ile kompyuta ya mezani, hiyo unayoifunika kitambaa ulichofuma. Kwa kuwa neno la siri alilisahau kila mwezi, niliiweka akaunti yake hata kwenye kompyuta yangu ya kazini, ili akikwama nimsaidie. Alipofariki sikuiondoa. Niliogopa kuigusa.

Jumatatu ile baada ya arobaini, nikiwa nimerudi kazini, niliwasha mashine nikaweka chai pembeni. Barua za baba ambazo hazijasomwa huonekana kwa maandishi mazito. Nikaona moja imefifia, maana yake imesomwa. Baada ya dakika chache ikatoweka. Ikafuata ya pili. Mama, mtu tumemzika wenyewe, naye anasoma barua zake na kuzifuta moja moja, bila haraka, kama alivyokuwa akisahihisha madaftari.

Nikwambie ukweli: sikuogopa. Nilifurahi. Nilisema "Baba!" kwa sauti mpaka mlinzi akachungulia dirishani.

Nikazifuata kwenye folda ya Taka, nikazikuta zote, nikazirudisha mahali pake. Nilitaka ajue kwamba nipo. Kesho yake zikafutwa tena. Nikazirudisha tena. Tukaendelea hivyo wiki nzima, na mpaka Ijumaa sikujiuliza ni nani aliyekaa hapo nyumbani Butimba kwenye kiti chake. Msiba una ujinga wake.

Jumamosi ukanipigia. Ulinisalimu kwa Kisukuma, sauti yako chini, kama mtu anayeongea karibu na mgonjwa.

"Mwangaluka, ng'wanone. Kabula, baba yako anazirudisha."

"Anarudisha nini, mama?"

"Barua zake. Mashati yamepata warithi, viatu kachukua kaka yako Masanja. Barua nazo nani atazirithi? Nikasema nizisome, nikimaliza moja naifuta, kama tulivyokuwa tukifunga mafaili ofisini. Nafuta leo, kesho ziko palepale. Hataki niondoke hapa."

Ukaniambia umeshamkatalia Masanja, huhamii kwake Mkolani. Ukaniambia kila asubuhi unamwekea baba kikombe cha chai karibu na kompyuta. Pale pale ningesema. Nikanyamaza, kwa sababu ya swali ulilouliza mwishoni, nami nitalifikia.

Mama, anayezirudisha ni mimi. Wewe umekuwa katibu muhtasi miaka mingi, utanielewa upesi. Barua hizo hazikai ndani ya kompyuta yenu. Faili lenyewe liko mbali, kwenye mashine ya watu wanaotunza barua. Wewe na mimi tunalifungua kwa madirisha mawili. Ulidhani unafagia chumba chako tu, kumbe unafagia na changu. Nawe ukibofya Futa, barua haifi. Inahamia Taka na kukaa humo mpaka mtu aje amwage zote, au programu yenyewe izimwage ukiifunga, kama imepangwa hivyo. Kabla ya hapo yeyote mwenye funguo anaweza kuichukua. Mwenye funguo nyingine nilikuwa mimi.

Ila ipo njia ya kufuta isiyopitia Taka. Unabonyeza Shift pamoja na Futa, kompyuta inakuuliza kama una hakika, ukikubali imekwisha. Hiyo nimeitumia mara moja tu.

Sasa swali lako. Ulisema, "Zote kazirudisha isipokuwa moja. Ilikuwa kwenye zile alizotuma, alikuandikia wewe. Nilisoma kichwa chake tu, 'Soma peke yako.' Macho yakachoka, nikasema kesho. Kesho yake haipo, hata kwenye taka haipo. Hiyo kaiondoa mwenyewe." Kisha ukauliza, "Kabula, baba yako alikuwa na mtu?"

Hakuwa na mtu, mama. Hakuwahi. Hiyo barua niliifuta mimi, Ijumaa ile, nilipoona hata zile alizotuma zimeanza kuguswa, ndipo nikatambua ni wewe. Nilijua unasoma kila kitu mpaka nukta. Niliogopa ujue kwamba nilijua. Nikakuacha wiki mbili ukimshuku mtu asiyeweza kujitetea, nami nalala. Kwa hilo sijui nitakuombaje msamaha.

Lakini barua iliyotumwa ina nakala mbili, ya aliyetuma na ya aliyepokea. Nilifuta ya kwake. Yangu ninayo, nimeichapa, nimeikunja ndani ya bahasha hii. Utamsikia mwenyewe: "Kifua kinanibana tangu Pasaka. Mama yako akijua ataacha upasuaji wa macho akae kuniuguza, namfahamu. Usimwambie. Atolewe bandeji kwanza, aone, nami nitamwambia kwa mdomo wangu."

Nilimtii. Ulitolewa bandeji, na kabla hajafungua huo mdomo akaanguka uani. Ningekwambia mapema, pengine angefika hospitali. Wazo hilo naamka nalo kila siku. Sasa unaona, mama. Isome.

Msalimie kaka Masanja na wifi yangu, umwambie suala la kuhama asikusukume. Msalimie shangazi, mwambie yale maombi aliyopanga kuyafanya juu ya kompyuta ayafanye juu yangu. Na jirani yako anayekuletea dagaa, mpe asante zangu.

Kesho asubuhi nitaiondoa akaunti ya baba kwenye kompyuta yangu. Kuanzia hapo ukifuta umefuta, hakuna atakayerudisha. Nisamehe na hilo. Najua ulikuwa umefurahi, kama nilivyofurahi mimi.

Ni mimi mwanao, ninayekuwaza kila niwashapo mashine,

Kabula