Tulienda Kutetea Majirani, Tukarudi na Muchumba

Maman Delphine mupendwa, mushauri wetu wa redio, naomba musaada mbele kichwa yangu ipasuke. Jina langu Constantin, mukaaji wa Kadutu, pale nyumba zinapandana juu ya mulima, choo ya mumoja juu ya paa ya mwenzake, nakusikiliza kila Jumamosi na sikufikiri hata siku moja kama nitakuandikia mimi.

Mambo ilianzia kwa jirani yangu wa juu, Chrispin, anayetaka kuongeza etaji ine kwa nyumba yake bila kuuliza mutu, na nguzo yake ya kwanza, maman, iko ndani ya jikoni yangu, bibi yangu anatundika sufuria juu ya ile nguzo, na nikimwendea ananijibu, "Papa Constantin, ngoja sheria mupya," juu ya vile kule Bunge la jimbo wanatengeneza sheria ya ujenzi, na wanataka kufuta ile kipande inayosema majirani waulizwe mbele ya mutu kujenga. Wakiifuta, nitalala chini ya Chrispin mupaka Yesu arudi. Njo majirani tukafanya komite, wakaniweka président, na tangu pale sili vizuri, silali vizuri, hata nyumbani nimepiga marufuku, mutu asiniletee habari ya ndoa, ya masomo wala ya meno kuuma, mupaka kwanza kipande ya majirani ipone.

Sasa mutoto wangu wa kwanza, Héritier, mwanaume wa miaka makumi tatu na moja, hakuwahi kujali komite hata kidogo, kumbe siku moja Mungu akagusa roho yake, akaniambia, "Papa, muende kwa Honorable Évariste, kwake nyumbani Muhungu, ni yeye mubunge mukubwa wa wale wanaochunguza ile sheria." Siku akachagua yeye, Siku ya Mungu kiisha misa. Akasema heshima inaomba twende wote na kitenge ya namna moja, na tuchukue mbuzi na bidon ya kasiksi, ile pombe ya ndizi, juu kwa mukubwa mutu haingie mikono mitupu. Ile mbuzi akaiogesha na sabuni, maman. Nililia machozi. Nikasema huyu njo atashika komite siku nitakufa.

Kufika kule, tunakuta viti imepangwa pande mbili kutazamana, na Honorable mwenyewe kwenye mulango, "Wakwe zetu, karibuni!" Nikafikiri ni ginsi wanasiasa wanasalimia watu uchaguzi ikikaribia. Nikataka kusema shida yetu, wakanizuia, mugeni anakula kwanza, tukakula kuku, tukakula samaki ya ziwa, kiisha wakaita binti wao Larissa, ni infirmière wa hospitali, mutoto wa adabu, na baba yake akamuuliza mbele ya watu wote, "Hawa watu unawafahamu?" Akajibu, "Ndiyo papa, nawafahamu," akanywa kasiksi yetu, na Maman Elodie, mwenye kuchunga sanduku ya komite, akapiga vigelegele, na mbuzi ikapelekwa nyuma ya nyumba.

Pale njo nikaelewa. Yesu wangu, wametukosea! Walikuwa wanangoja wakwe, wakaona ni sisi! Na kitenge ya namna moja, na mbuzi, na kasiksi, nani hangekosea? Nikasimama niseme ukweli, Honorable akasema, "Mukwe aongee!" na kinywa yangu, kwa mazoea, ikaanza na kipande ya majirani. Nikaongea mupaka jasho. Honorable akapiga makofi, akasema, "Mukwe wangu hawezi kujengewa juu ya kichwa! Kipande ile haitafutwa mimi nikiwa hai." Nikaketi. Ukweli nikarudi nayo Kadutu.

Sasa kura iko juma ijayo. Nikisema ukweli, Honorable atakasirika, mbuzi wamekwisha kuila, kura inapotea na Chrispin anapanda. Nikinyamaza, nitamutwika kijana wangu bibi asiyemujua, kwa ajili ya parcelle, kiwanja tu. Na Héritier masikini hajalalamika hata kidogo. Anapiga pasi mashati yake, anaimba, ananiambia, "Papa, kwa ajili ya majirani nitavumilia." Mutoto gani huyu, maman? Na wale wakwe wa kweli, siku wakifika, nitaficha uso wapi?

Ni mimi Constantin, mwenye nguzo ndani ya jikoni.

*

Papa Constantin, pole. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, mara ya pili waliniletea maji hapa studio juu kicheko ilinipalia. Umeketi? Keti.

Wakwe wa kweli hawatafika, papa. Wamekwisha kufika. Ni wewe.

Nani alichagua nyumba ya kwenda? Nani alichagua siku? Nani alitaka kitenge ya namna moja, na kasiksi, wakati kila Mushi, mutu wa kabila yetu, anajua inatoka nyumbani kwa shuguli gani? Mwanaume muzima anaogesha mbuzi na sabuni, na wewe unaona komite! Binti aliulizwa kama anawafahamu, akasema ndiyo. Hakudanganya. Mumoja wenu anamufahamu vizuri sana. Na Maman Elodie, wee! Vigelegele zake zilikuwa tayari mudomoni tangu Kadutu. Watu wote wa avenue yenu walijua wanaenda kuposa. Wewe peke yako njo ulikuwa unaenda mukutano.

Kijana amekosa, nitamugombeza hapa hapa hewani: Héritier, baba habebwi sawa na bidon! Lakini na wewe, papa, umeandika kwa mukono wako kama ulikataza habari ya ndoa nyumbani. Ni mara ngapi alikuja na jina la Larissa, ukamujibu "ngoja kipande ipone"? Chrispin anakwambia ngoja sheria, unalia kwa redio. Mutoto unamwambia ngoja sheria, na unajiita baba. Ukifunga mulango, watu watapitia dirisha.

Basi sikiliza. Leo, mbele ya chakula, muite Héritier, na umuulize kama anamupenda yule binti. Halafu ufunge kinywa mupaka amalize, bila kutaja matofali. Kiisha urudi Muhungu na ndugu zako, si na komite, umweleze Honorable kama ulimupelekea posa bila kujua. Atakucheka. Vumilia, utachekwa na wajukuu pia. Na umwambie wazi kura yake huitaki kwa sababu ya mbuzi, juu Chrispin anaweza kuleta ng'ombe.

Siku ya kura, muende Bunge nyote, na nguo zenu za kazi, mikono mitupu, muombe kusikilizwa. Peleka picha ya ile nguzo, na sufuria za bibi yako juu yake. Hotuba yako iache nyumbani, picha inatosha. Mukaaji kuulizwa mbele ya kujengewa ni haki yake hata kama hana mutoto wa kuozesha kwa Honorable.

Jambo la mwisho, na hili usiniruke. Siku ya ndoa, hema itafunga njia yote, na muziki itapanda moja kwa moja kwenye madirisha ya jirani wako wa juu. Kwa hiyo, papa président, mbele ya kukodisha hata kiti moja, panda kwa Chrispin, bisha hodi, na umuulize kwanza.