Ukurasa wa Arobaini na Mbili

Kwako Mwalimu, uliyekuwa mume wangu,

Dada yako Dorkasi amekuja leo asubuhi hapa sokoni ninaposhonea. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akahema, akatoa mkobani daftari jipya la mfukoni lenye jalada la bluu na kuliweka juu ya mashine yangu.

"Mama Rehema," akasema, "Mwalimu anaomba umutengenezee hii kaye sawa zamani. Mukono yake ya kuume imekufa. Line hazinyooke tena."

Nilicheka mpaka jirani yangu anayeuza vitambaa vya vikwembe akageuka. Miaka sita hujauliza kama mimi ni mzima au nimezikwa, na siku uliyonikumbuka, umekumbuka namna ninavyopiga mistari kwa rula.

Nakujibu kwa barua ya wazi, bila bahasha. Nimemwambia Dorkasi akusomee kwa sauti, na yeyote aliye chumbani asikie. Wewe ulinisoma mbele ya watu, kwa hiyo usione haya.

Unakumbuka daftari la kwanza? Ndoa yetu ilikuwa na wiki mbili. Tulikaa nyuma ya nyumba, wewe kwenye kiti, mimi kwenye mkeka, ukanifundisha kana kwamba niko darasani kwako. Liwe dogo, litoshe mfuko wa shati bila kuchungulia nje. Ukurasa wa kwanza jina na mtaa, ili atakayeliokota alirudishe. Kurasa mbili ziachwe wazi kwa orodha ya yaliyomo. Pembeni mstari mwekundu. Kisha kila ukurasa upewe namba juu kwenye pembe, kwa biki, si kwa penseli. Mwisho, kipande cha mpira wa tairi cha kulifunga, lisifunguke ukiwa kwenye pikipiki.

"Mutu anatembea bila kaye," ulisema, "kichwa yake ni kitunga ya kutoboka."

Nikaandika namba zote mwenyewe, ulimi nje kama mtoto wa mwaka wa kwanza. Ukaangalia, ukasema mkono wangu ni mzuri kuliko wa wanafunzi wako. Mimi niliyeishia mwaka wa sita! Neno lile nilikula nalo mwezi mzima. Nilikuuliza namba zote hizo ni za nini, ukanijibu kwamba ni za kumkamata mwongo: "Page ikipasuliwa, kaye imekufa."

Nakiri, mpaka leo natengeneza daftari langu kwa njia yako. Kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, kila mteja na ukurasa wake. Sijapoteza kipimo cha mtu hata mara moja. Hiyo ndiyo faida pekee niliyoipata nyumbani mwako, na wala si ndogo.

Kila jioni uliandika kabla ya kula. Nilinyamazisha vyungu ili nisikusumbue, nikidhani unaandika mambo ya shule.

Kumbe uliniandika mimi. Nilikuja kulijua siku ulipoita familia zote mbili sebuleni kwa baba yako, miezi miwili tu baada ya kumzika mtoto wetu. Ulitaka nirudi kwetu, na ng'ombe zako za mahari zirudi kwenu. Ulivaa koti. Ulisimama na daftari la mwisho kati ya yale niliyoyatia namba kwa mkono wangu, ukaanza kuita kurasa kwa Kifaransa kama unayeita majina darasani. Page six, chumvi imezidi. Page onze, amecheka na jirani wakati nasema. Page vingt, ameunguza shati kwenye kola. Baba yangu aliangalia viatu vyake. Shangazi yangu alijifunika uso. Nami niliinamisha kichwa, kwa sababu yote yalikuwa kweli. Chumvi ilizidi, kola iliungua, na yule jirani alikuwa mchekeshaji kuliko wewe.

Ukasoma quarante, arobaini. Ukasoma quarante et un. Ukasoma quarante-trois, arobaini na tatu.

Sijui ni nani aliyenipa kinywa. Nilisema, "Umeruka quarante-deux."

"Ile haina kitu," ukajibu, ukifunua ukurasa mwingine.

"Siye tuliandika namba ya nini, Mwalimu?"

Baba yako hakupandisha sauti. Alisema neno moja tu: "Soma."

Ukasoma. Nakukumbusha, ingawa najua hujasahau: "Amerudi saa nane. Hakupika mchana wala jioni. Wageni wamekunywa chai ya jirani. Aibu."

Basi. Hayo ndiyo uliyoyaandika siku ile Rehema alipokufa. Alikuwa na miezi tisa. Homa ilimmaliza saa tano asubuhi kwenye kituo cha afya, na wewe ulikuwa shuleni. Nilimfunga mgongoni na kikwembe, nikapanda pikipiki, kwa maana dereva akijua amebeba maiti atakushusha njiani. Yule kijana aliniuliza kwa nini mtoto ametulia hivyo kwenye mashimo yote yale. Nikamwambia amelala. Nilimtikisa kidogo mgongoni, nikambembeleza kwa sauti, ili aonekane amelala. Hayo yote hayakuingia kwenye daftari lako. Chai iliingia.

Mama yako alivua kitambaa kichwani akakitupa chini. "We mutoto," akasema, "uliandika ivi, na maiti iko mu nyumba?" Baba yako akainuka. "Ng'ombe zibaki kule ziko." Zilibaki, Mwalimu, na zimezaa sana. Mimi nilichukua mashine yangu ya kushona, nikaondoka bila kufukuzwa na mtu.

Sasa Dorkasi ananiambia umelala kitandani tangu mwezi wa pili, kwamba waliokuwa wanakutembelea wamechoka, kwamba unajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto na unataka kuandika siku zako: dawa umekunywa saa ngapi, nani amekuja. Nilipenda kusikia kwamba karibu hakuna anayekuja wa kuandikwa. Nasema ukweli, nilipenda. Nimetafuta huruma kama ninavyotafuta sindano iliyoanguka chini ya mashine, nimepapasa kila mahali, sikuiona. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Umeuonja, nami sina dawa ya kukupa.

Lakini daftari nimekutengenezea. Dorkasi alingoja na mashine ikangoja. Jina lako na mtaa wako viko mwanzoni. Kurasa mbili za orodha ziko wazi. Mistari myekundu imenyooka, hata wewe mwenye macho ya kutafuta makosa hutapata. Namba ziko zote, kwa biki, kwenye pembe, na mpira nimekata kutoka tairi ya pikipiki, sawa zamani.

Nilipofika ukurasa wa arobaini na mbili sikuupita. Niliujaza mimi, kwa mkono ule uliousifu, na kwa maneno mafupi unayoyapenda:

"Saa tano asubuhi Rehema amekufa. Saa nane mama yake amemleta nyumbani mgongoni, kwenye pikipiki, akimbembeleza. Hakupika."

Usiuchane. Wageni wako ni wachache, lakini kuhesabu namba wanajua, na sheria uliiweka mwenyewe. Anza leo na ukurasa wa kwanza, ukurasa mmoja kila siku, polepole, kwa huo mkono wa kushoto. Sina haraka. Utafika.

Kwaheri ya kutoonana,

Mama Rehema