Dada, Usimeze Vidonge vya Baba

Nyeri,
Jumapili, mwezi wa Julai.

Kwako dada yangu Wakesho,

Pokea salamu nyingi za baridi kutoka huku. U hali gani, na kifua kinasemaje? Mama hajambo? Baba je, bado anapanda kwenda shambani bila kupumzika njiani? Mimi ni mzima, ila mafua ya mwezi huu hayataki kunitoka. Ukungu umetukalia wiki mbili, mlima hatujauona, na shati nililofua Jumatatu liko kwenye kamba mpaka leo.

Kwanza nikuombe radhi kwa telegramu. Najua kwetu telegramu haiji ila na msiba, na najua mama aliketi chini kabla haijasomwa. Hata karani wa posta hapa Nyeri, aliponiona nimeshika ile karatasi yake, alinipa pole.

"Pole sana, ndugu. Nani amekufa?"

Nikamwambia hajafa mtu.

"Sasa ukituma hii, si ndio utaua mtu na presha?"

Alikuwa na haki. Lakini barua yako ilichukua siku tisa kunifikia, na hii yangu huenda ikachukua kama hizo, na neno lenyewe halikuweza kungoja. Kama telegramu haikufika, nalirudia hapa: usimeze vidonge vya baba. Hata kimoja. Hata nusu.

Umeniandikia kwamba tangu upewe vidonge vipya vya pumu kifua kimefunguka, lakini moyo unakwenda mbio mpaka unausikia masikioni. Unasema baba naye alikuwa hivyo hivyo, akapewa vidonge vyake, na sasa ametulia kama maji mtungini. Kwa hiyo unataka nikutumie na wewe vya aina ile, na baba kwa huruma yake amesema nikichelewa atakugawia vyake. Najua pia ulichosema uliposoma telegramu: Mwakio amekuwa mchoyo tangu avae koti jeupe. Sema tu. Ila soma barua hii mpaka mwisho, umsomee na baba, ndipo unitukane.

Kazi yangu hospitalini ni ile ile. Daktari anaandika karatasi, mgonjwa anaileta dirishani kwangu, nami nahesabu vidonge, navitia kwenye bahasha ndogo na kumweleza namna ya kumeza. Shida ni kwamba vidonge karibu vyote ni vyeupe na vya mviringo, na majina yake ni ya kizungu, hata mimi mwanzoni yalinivunja ulimi. Mama mzee anasafiri kutoka Kangema, anaondoka na bahasha tatu, akifika nyumbani hajui ipi ni ipi. Basi nikajiona mjanja. Nikaanza kuandika juu ya kila bahasha kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa kubwa: YA MOYO. YA KIFUA. YA MAGOTI. Watu walifurahi mno. Wakawa wanamtafuta "yule Mswahili wa kuandika vizuri", maana huku ukisema "kitabu changu" umeshakuwa Mswahili, hata uape kwamba wewe ni Mtaita wa milimani. Sista mkuu alinisifu mbele ya wenzangu. Nami nilipokuja likizo Desemba nikajisifu mbele yenu, nikachukua mkebe wa baba wa vidonge, nikauandika kwa mkono wangu: DAWA YA MOYO. Bila shaka uko pale pale juu ya kabati.

Sasa sikiliza yaliyotokea.

Miongoni mwa wagonjwa wangu yuko Mzee Gachoka, mtu wa upande wa Chaka, aliyepata ekari zake pale shamba la mzungu mmoja lilipogawiwa wananchi. Analima viazi na kufuga kondoo. Ana moyo kama wa baba, na vidonge vyake ni vile vile vya baba. Mke wake, Mama Wangari, ana pumu kama yako, na vidonge vyake ni vile vile vyako. Ungedhani Mungu alichukua nyumba yetu akaipiga chapa huku. Kila mwezi huja pamoja, mzee mbele na fimbo, mama nyuma na kikapu, na mara nyingi kikapuni mna viazi vyangu.

Wiki tatu zilizopita, siku ya Alhamisi saa nne asubuhi, Mama Wangari aliletwa nyuma ya pikapu ya viazi, ameketishwa juu ya magunia, mikono imeshika magoti, mabega yamepanda mpaka masikioni. Midomo ilikuwa ya kijivu. Hakuweza kutaja jina lake kwa pumzi moja. Daktari wetu, Daktari Okeyo, kijana aliyekuja kutoka Nyanza mwaka jana, akaita sindano ya adrenalini, nami nikaipeleka mbio. Akamchoma. Nimeiona sindano ile mara nyingi, dada. Huwa dakika chache tu, mtu anavuta pumzi ndefu, analia kidogo, anaomba maji. Tukangoja. Hakuna kitu. Akamchoma ya pili. Hakuna kitu. Kisha kifua kikaacha hata kupiga filimbi. Wewe mwenye pumu unaweza kudhani hiyo ni nafuu, lakini daktari aliponyanyua kichwa nikaona uso wake umebadilika, maana hewa ilikuwa haiingii tena hata ya kupiga filimbi.

Akamgeukia mzee. "Huyu mama amemeza nini leo?"

"Hakuna kitu mbaya, daktari. Ni hizi zake za kifua. Na hii ya moyo."

"Ya moyo? Nani alimpatia ya moyo?"

"Ni mimi. Moyo yake ilikuwa inaruka, ati kama ya mtu amekimbizwa na ng'ombe. Na mimi niko na dawa ya moyo kwa nyumba. Nikampatia mbiri tu. Kwani moyo yake na yangu ni tofauti?"

Akatoa bahasha mfukoni mwa koti. Niliyatambua maandishi kabla hajaikunjua. Nikashika chuma cha kitanda.

Daktari aliagiza dawa nyingine, aminofilini, akaisukuma polepole kwenye mshipa huku akiitazama saa, na muuguzi ameshika mpira wa oksijeni. Mzee Gachoka alisimama ukutani, kofia mkononi, akitaja jina la mkewe kwa sauti ya chini. Mimi niliomba. Niliomba kama mtoto, Wakesho, nikimwahidi Mungu mambo ambayo sitayataja hapa. Baada ya kama nusu saa filimbi ilianza tena, nyembamba, kisha nene. Saa ya chai ya jioni Mama Wangari alisema sentensi nzima: aliuliza nani amebaki na kondoo.

Kesho yake nilimwendea daktari nikamwambia mwandiko ni wangu. Sikungoja aulize. Hakunifokea. Alinikalisha, akageuza karatasi moja, akanichorea. Nitakueleza alivyonieleza, na kama nazungumza kama mwalimu, nivumilie, maana wewe ndiye uliyenifundisha kusoma na sasa ni zamu yangu.

Sisi tunadhani dawa ya moyo inaijua njia ya kwenda moyoni. Haijui. Ukiimeza inaingia kwenye damu, na damu inaipeleka kila mahali, kuanzia utosini mpaka kidole cha mguu. Inafanya kazi pale inapokuta mahali pa kukaa. Mahali hapo daktari anapaita vipokezi. Ni vidogo mno, havionekani kwa macho, viko juu ya nyama za mwili. Mimi kichwani mwangu nimevifanya vigoda vya jikoni. Mwili una mjumbe wake, na huyo ndiye adrenalini. Ukikimbizwa na mbwa, mjumbe hutoka mbio akaenda kukaa kwenye vigoda. Kwenye kigoda cha moyo anaamuru, piga upesi. Kwenye kigoda cha mirija ya mapafu anaamuru, funguka. Vidonge vyako vya pumu vinawachochea wajumbe wa namna hiyo watoke kwa wingi. Ndiyo sababu kifua kinafunguka na moyo unakimbia saa ile ile. Hujaingiwa na ugonjwa wa pili. Amri imesikika nyumba mbili.

Kidonge cha baba ni mgeni wa tabia nyingine. Kinaingia, kinakaa kwenye kigoda, hakisemi neno. Kazi yake ni kujaza nafasi. Mjumbe akifika anakuta pamekaliwa. Kwa baba hilo ni jambo jema, moyo wake unapata kupumzika. Lakini vigoda vya mapafu vinafanana sana na vya moyo, na kidonge hakina macho. Mapafu ya baba ni mazima, hayahitaji kuamriwa yafunguke. Yako yanahitaji, na ya Mama Wangari pia. Vigoda vikikaliwa na bubu, mirija inajibana. Na ndiyo sababu sindano zile mbili hazikufua dafu: tulikuwa tunaleta wajumbe zaidi kwenye nyumba ambayo haina pa kukaa. Hiyo aminofilini haivihitaji vigoda vile, inailegeza mirija kwa njia yake yenyewe.

Nilimwuliza daktari kosa ni la mzee au ni langu. Akasema, "Mzee alisoma vile iliandikwa." Nilikwenda chumbani kwangu nikashindwa kula.

Jumamosi nilikwenda wodini. Mama Wangari alikuwa ameketi kitandani anakunywa uji, na mzee kando yake. Huku, dada, kitu kikiingia nyumbani ni cha nyumba yote. Chai, sukari, shuka, na dawa pia. Nilianza kuomba msamaha, mama akanikatiza.

"Mimi sijakasirikia mzee. Mwanaume ako na dawa, bibi yake ni mgonjwa, ati amnyime? Huyo ni bwana wa aina gani? Lakini wewe, karatasi yako ilinidanganya."

Nikasema ni kweli, mama.

"Basi andika ingine."

Tangu siku ile naandika jina la mgonjwa na jina la dawa yenyewe, na chini yake, ASIPEWE MWINGINE. Na hakuna anayepewa vidonge vile dirishani kwangu kabla sijamwuliza kama nyumbani kwake kuna mwenye pumu. Foleni imekuwa ndefu, watu wananung'unika ati sasa wanahojiwa kama wako polisi. Acha wanung'unike.

Nilidhani nimemaliza kusafisha makosa yangu. Kisha Jumatatu ikaja barua yako, nikaisoma nimesimama pale dirishani, na watu wamenipangia foleni, nikaona maneno ya Mzee Gachoka yameandikwa kwa mkono wako. Nilifunga dirisha nikakimbilia posta na koti langu jeupe.

Kwa hiyo tafadhali fanya hivi leo hii. Shusha ule mkebe, ukwangue maandishi yangu kwa kisu, uandike PROPRANOLOLI, YA BABA PEKE YAKE. Baba naye asije akaogopa akaviacha ghafla, maana moyo uliozoea kutulizwa ukiachiwa kwa siku moja huweza kumfanyia vibaya. Aendelee kama alivyoambiwa. Wewe nenda kwa daktari aliyekupa vidonge vya pumu, umwambie moyo unadunda. Daktari Okeyo anasema mara nyingi ni kupunguza kipimo tu, na usiviache wala usivipunguze mwenyewe. Punguza chai ya rangi, najua unavyoipenda nzito, nayo inaukimbiza moyo. Na kama ulishakimeza hata kimoja cha baba kabla ya telegramu, mwambie daktari hivyo bila aibu, umtajie jina lile nililoandika hapo juu, ili usije ukachomwa sindano isiyo na pa kukaa.

Nisalimie mama, umwambie sweta aliyonifumia ndiyo inayoniweka hai huku. Nisalimie baba, na umweleze kwamba simlaumu kwa huruma yake, nami ndiye niliyemwandikia vibaya. Shemeji mwalimu, mpe heshima zangu. Mjomba fundi viatu mwambie soli zake bado zinasimama kwenye matope ya Nyeri. Shangazi na watoto wote nawasalimu.

Sina la kuficha, dada, naogopa. Ulipoandika barua yako kifua kilikuwa kizuri, na tangu siku ile sijui lolote. Nakuomba jibu uliandike wewe mwenyewe, kwa mkono wako, hata kama ni mstari mmoja wa matusi. Usimtume shemeji, wala usimwachie mama akuandikishie mtu. Bahasha kutoka nyumbani ikija na mwandiko wa mtu mwingine, sitaweza kuifungua.

Ni mimi mdogo wako,
Mwakio