Vigae vya Kikombe cha Bluu

Mwende mjukuu wangu,

Hapa mtaani Jamhuri hatujambo. Mparachichi wa nyuma umezaa mpaka tunawagawia majirani.

Umeniuliza kama kweli unaweza kusaga vyombo vilivyovunjika ukavichanganya na udongo mpya, maana vyako vinapasuka kwenye tanuri na maonyesho yamekaribia. Wenzako huko wanaita hiyo sanaa ya kutunza mazingira. Mama yangu alifinyanga vyungu kule Ukambani na hakuiita chochote. Chungu kikivunjika, hakuna aliyeruhusiwa kutupa kigae. Tulivitwanga kwenye kinu, tukachekecha, naye akaukanda ule unga pamoja na udongo ili chungu kipya kistahimili moto.

Siku moja nilimkuta akitwanga chungu cha marehemu mama yake, kilichokuwa kimepasuka jikoni. Nikamuuliza kama haoni uchungu.

"Na hicho unafikiri kilikuwa na vigae vya nani ndani?" akasema.

Mpaka leo najiuliza ile punje ya zamani kabisa ilitoka kwa nani.

Wiki jana kikombe cha marehemu babu yako, kile cha bluu, kilianguka kwenye sinki. Sijui kama kikombe cha dukani kitakubaliana na udongo wako. Jaribu kidogo kwanza, kisha uniambie. Shangazi yako atakuletea vigae vyote, hata kishikio. Nilitaka kukutumia unga, nikatoa kinu, nikaketi nacho, mkono ukakataa.

Twanga wewe.

Susu yako