Maganda Kwenye Kinu Changu

Jumatatu, 6 Oktoba
Shati la Twaha nimelipiga pasi mara mbili, basi tu, kwa raha ya kulishika. Wiki ya tatu ya ndoa na bado akitoka kwenda shuleni kufundisha moyo unanidunda. Gari ndilo linanichefua. Linamisi, injini inakatakata, linatetemeka kama mtu mwenye homa, harufu yake inaingia hadi kwenye chai. Na Jumapili lazima litufikishe Ruangwa kwa mama. Safari yetu ya kwanza kama mume na mke!

Jumatano, 8 Oktoba
Fundi Selemani amefungua injini. Nilichungulia. Bora nisingechungulia. Valvu za kuingiza hewa zimevaa masizi mazito kama uji mweusi ulioganda. Kinyaa. Ile dawa ya kusafishia injini tuliyomimina kwenye tangi ilikuwa bure. Fundi anasema injini hii inanyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Haipiti kwenye valvu, kwa hiyo hakuna cha kuziosha. Na safari za nyumbani hadi shuleni ni fupi mno, injini haipati moto vizuri.

Alhamisi, 9 Oktoba
Twaha amesoma kwenye simu kuwa Ulaya wanapuliza unga wa maganda ya kokwa fulani, masizi yanabanduka. Macho yakamng'aa. Jirani yetu anabangua korosho, maganda tele. Mpenzi wangu ni mtu wa Bukoba, hajui. Mimi nimezaliwa kwenye mikorosho. Ganda bichi lina mafuta yanayobabua ngozi. Nikanyamaza. Somo yangu alinifunda nisimkosoe mume. Nikamtazama akitwanga. Kwenye kinu changu! Kinu alichonipa mama.

Ijumaa, 10 Oktoba
Viganja vya Twaha vyote malengelenge. Alijifuta jasho kwa mikono ile, midomo nayo imevimba. Midomo ile! Kinu kinanata utomvu mweusi, kinanuka. Hakifai tena kwa chakula.
Fundi alipouona ule unga alicheka hadi akakaa chini. "Mwalimu, rudi Bukoba kwenye senene zako. Korosho tuachie wenyewe!" Kisha akanigeukia. "Na wewe shemeji, Mmwera mzima wa Ruangwa, ulikuwa unamwangalia tu?"
Twaha akanitazama.
Najichukia kuliko ninavyolichukia gari.

Jumamosi, 11 Oktoba
Fundi ameziloweka valvu kwa dawa ya kunyunyiza, zikiwa zimefungwa ili uchafu usidondoke ndani ya silinda. Akasugua kwa brashi, akafyonza. Kopo zima la tope jeusi.
Nimemwambia Twaha: nilijua. Nilitaka kuwa mke mwema.
"Mke mwema angeniambia, nisiungue," akasema. Nimelia.

Jumapili, 12 Oktoba
Ruangwa. Gari limetulia njia nzima.
Twaha amekula wali kwa kijiko, mikono ina bandeji. Mama akauliza habari za kinu. Nikasema nimekiharibu mimi.
Baadaye akaleta sahani ya korosho za kukaanga. Twaha hakugusa. Alinitazama kwanza.
"Hizi kula," nikamwambia.
Akala.