Mpira wa Shimo la Mwisho

Kangemi,
Jumapili jioni

Kwako Njambi, mtoto wangu,

Nakusalimu sana kwa jina la Bwana. Uko mzima huko Jamhuri kwa shangazi yako? Unakula? Sisi huku tunaendelea. Baba yako anakusalimu, goti linamsumbua na hii baridi lakini kazini anaenda. Cucu, nyanya yako, anakusalimu, na bado anauliza ni kwa nini watu wazima wapige kampira mbali halafu wakafuate kwa miguu. Shiku dada yako ndiye huyo amekuletea barua. Mpe chai kabla hajarudi.

Nimeandika kwa sababu simu zangu hushiki, na hili jambo nikilisema kwa mdomo nitalia kabla sijafika katikati.

Mwanangu, haya mashindano ya wanawake wa gofu ya kulipwa niliyajua kabla yako. Mwaka wa kwanza nilikuwa naosha vyombo kwa ile klabu huko Karen. Walipewa Jumatatu, siku ambayo wanaume hawautaki uwanja, na watazamaji walikuwa sisi wa jikoni na aproni zetu. Mshindi akapewa seti ya sufuria. Lornah mpishi akasema ona, hata ukishinda wanakurudisha jikoni, tukacheka mpaka tukafukuzwa. Mwaka uliofuata kukawa na kikombe. Baadaye wakapewa wikendi, wageni wakaanza kuja kutoka Uganda na Zambia, hema zikaja, televisheni zikaja. Na wewe ukitoka shule ulinisubiri pale nyuma, ukipiga mipira kwa fimbo iliyovunjika. Mwaka huu nikaona jina lako juu kabisa ya ule ubao wa matokeo, limebaki shimo moja. Msichana wa Kangemi!

Yaliyofuata unayajua. Mpira wako ulienda upande wa miti, mkautafuta, mkaukosa, ukaongezewa pigo la adhabu na kurudishwa nyuma kupiga tena. Ukashindwa kwa pigo moja. Nilikusikia ukimwambia Jeremy, anayekubebea begi, kwamba kazi yake ni macho na hata hayo hana, asikufuate tena. Sasa Shiku ananiambia umeapa hutacheza tena, ati Mungu hakutaka.

Njambi, Mungu hakuhusika. Ni mimi.

Ule mpira uligonga mti ukaja mpaka kwa viatu vyangu. Unajua vile sisi wa jikoni tulikuwa tunaokota mipira iliyopotea na kuificha upesi kabla askari hajaona. Mkono ulienda wenyewe. Nikasema huu ni mpira mzuri wa mtoto wangu, hapa kuna watu watauiba, wacha nimwekee. Nikautia kwa mkoba. Nilipowaona mmeinama kwa nyasi nilishtuka, nikataka kukuita. Lakini ulikuwa umenionya nisikusemeshe ukicheza, na yule wa kunyamazisha watu alikuwa ameinua kibao chake. Tena nikaogopa wakijua ni mama yako ameushika, watasema mmepanga, wakufukuze. Nikanyamaza tu nikikuangalia.

Jana Lornah akaniambia, akimenya viazi, kwamba mtazamaji akiokota mpira na aseme, mchezaji anauweka pale pale ulipokuwa na haongezewi chochote. Alisema kama habari ya kawaida. Neno moja nililolibana ndilo lingekuokoa, mama.

Leo baada ya kanisa nimemwendea Jeremy nikamwambia. Akasema mama, mwambie yeye, na akinitaka anajua ninakokaa.

Nikasirikie mimi, hasira yako nitaibeba. Lakini usiache gofu kwa sababu ya mkono wangu, na umwite huyo kijana wa watu, hakukosa. Baba yako bado hajui. Nitamwambia ukishanijibu.

Msalimie shangazi yako. Shiku nimemwambia asirudi mikono mitupu, kwa hivyo andika hata nyuma ya karatasi hii, hata kama ni matusi. Usikawie, mama. Leo hii.

Ni mimi mzazi wako,
Virginia