Mkunga kwenye Gambuti ya Kushoto

Jumamosi, 9 Agosti 2014. Kalerwe.

Baba Nekesa,

Leo kumekuwa na manyunyu tangu asubuhi, yale ya kulowesha bila kelele. Nakuandikia nikiwa chumbani kwa binti yetu Nekesa. Yeye ndiye aliyenifungulia ukurasa huu wa mtandaoni baada ya mazishi, akaniambia niandike hapa badala ya kuzungumza peke yangu jikoni. Naandika Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha iliyotukutanisha. Lugha yangu ya Lira uliijua ya salamu tu, na yako ya Bungoma mimi niliijua ya matanga na harusi.

Nimempeleka Karani ziwani.

Nitaeleza polepole, maana huenda anasoma mtu asiyemjua. Karani ni samaki, mkunga. Si wale wakubwa wa baharini. Ni mkunga wa maji baridi, mwembamba, urefu wake kama kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole, rangi ya chai ya maziwa, na ana miiba midogo mgongoni. Watu wakimwona husema nyoka. Nnalongo, yule mama wa mapacha anayeuza samaki mwaloni, pale mashua zinapotia nanga Luzira, alimkuta amenaswa pamoja na mukene, wale dagaa wa ziwani, akainua fimbo ampige. Ukamwomba. Ukamleta nyumbani ndani ya jerikeni yetu ya maji ya kunywa, na mimi nililalamika kuhusu jerikeni ile wiki nzima.

Ulimtengenezea tangi kwa vioo vya kabati lililovunjika. Ukatandika mchanga na kumwekea kipande cha bomba ajifiche. Alikuwa akitoa kichwa tu, anatazama, anarudi ndani, kama karani wa dirishani anayekwambia uje kesho. Jina likatoka hapo. Juu ya tangi ulilaza ubao, na juu ya ubao pasi ya mkaa, kwa sababu mkunga hatosheki na nyumba yake, kila saa anatafuta upenyo. Maji ya mfereji uliyaacha siku mbili kwenye ndoo kabla ya kumwongezea. Nilikuwa nakwambia unayapoza kuliko uji wa mtoto.

Kila siku ulirudi kutoka kulinda ghala saa kumi na mbili jioni. Mguu wako wa kushoto ulikuwa umeangukiwa na kreti mwaka aliozaliwa Nekesa, ukawa unauburuta. Ndani ya gambuti, yale mabuti yako ya mpira, mwendo wako ulisikika hivi: du, shaa. Du, shaa. Kabla sijakusikia mimi, Karani alikwishajua. Alitoka kwenye bomba mwili mzima, akabandika pua kwenye kioo cha upande wa mlango. Wewe uliingia, ukanawa, ukamlisha nyungunyungu kwa vidole. Mimi ndipo nikasalimiwa.

Siku ile ya mwezi wa tano ulikwenda kliniki kwa viatu vya kanisani. Ulisema daktari ni mtu wa heshima. Gambuti zikabaki mlangoni, hukurudi kuzivaa.

Tulikuzika kwenu Bungoma. Jioni ya kwanza niliporudi Luzira nilikaa kitandani, miguu mitupu, sijawasha hata redio. Ilipofika saa kumi na mbili Karani alitoka kwenye bomba. Akageukia mlango.

Hapakuwa na mtu nje. Nilikwenda kutazama. Uwanja ulikuwa mtupu, kamba ya nguo tupu, na kuku wa jirani wamesimama wote upande mmoja. Niliporudi ndani bado alikuwa pale pale, akifungua na kufunga mdomo. Alikaa hivyo hadi giza likaingia ndani ya maji.

Alifanya vivyo hivyo kesho yake. Na keshokutwa.

Wiki iliyofuata njia ya kwenda mferejini ikawa tope, nikavaa gambuti zako. Zilinipwaya. Ya kushoto, kwa vile uliiburuta miaka yote ile, soli imelika upande, ukiivaa inakuvuta. Nilijaza jerikeni, nikarudi. Nekesa alikuwa amekuja kunitazama. Nilimkuta amesimama katikati ya chumba, kisu cha kumenyea matoke mkononi, matoke yenyewe yamemwagika sakafuni.

"Mama," akasema, "ni wewe?"

"Ulitaka awe nani?"

"Unatembea kama Baba."

Nikatazama tangi. Karani alikuwa amebandika pua kwenye kioo.

Sasa nikuambie jambo ambalo Nekesa halijui, ingawa akisoma hapa atalijua. Tangu siku ile nilianza kufanya makusudi. Kila jioni nilivaa gambuti zako, nikazunguka uwanja, nikaja mlangoni polepole. Du, shaa. Nilipofika kizingitini nilisimama, nikakataa kuingia. Kupitia mlango nilisikia maji yakichezacheza ndani. Basi kwa dakika zile, ndani kulikuwa na mtu anayekusubiri na nje kulikuwa na mtu anayekuja. Nilikuwa nasimama hapo hadi miguu iwe baridi. Nilijua nikifungua itakuwa ni mimi tu.

Nilifanya hivyo miezi miwili.

Nyumba ni ya kazi, unajua. Wenye ghala walinivumilia vizuri, sina la kulalamika, lakini mlinzi wa ghala aliyechukua nafasi yako ana watoto wanne na anahamia Jumatatu. Nekesa akasema nije kwake Kalerwe. Nikamuuliza kuhusu Karani.

"Mama, chumba changu kitanda kikikaa mlango haufunguki wote. Huyo nyoka atalala wapi, kwenye sufuria?"

"Si nyoka."

"Sawa. Huyo Bwana Karani atalala wapi?"

Tukacheka. Halafu nikalia, naye akanishika kichwa kama vile mimi ndiye mtoto. Sikuweza kumweleza. Nikimwacha Karani, nani mwingine atatambua hatua zako? Watu wanakumbuka jina lako na deni la shukrani na wimbo ulioupenda kanisani. Hatua hazikumbukwi na mtu. Nilikuwa nikifikiri kwamba siku nitakayomtoa huyu mkunga ndiyo siku utakayoacha kurudi nyumbani.

Jumanne nilianza kufunga vitu. Nilihitaji pasi, nikaitoa juu ya ubao na kuitia kwenye sanduku. Nikasahau.

Asubuhi ya Jumatano tangi lilikuwa tulivu. Ubao umesogea kidogo tu, upana wa vidole viwili. Sikuuona. Nilikwenda mlangoni, nikaingiza mguu wa kulia kwenye gambuti iliyoingia maji ya mvua, kisha wa kushoto.

Ndani kulikuwa na kitu.

Kilikuwa baridi. Kilijigeuza taratibu chini ya nyayo yangu, kikapita katikati ya vidole, kikatulia. Kama mkono unaopapasa kitanda gizani kumtafuta mwenzake. Baba Nekesa, sikupiga kelele. Nilikaa chini kwenye kizingiti na mguu wangu humo ndani, sijui muda gani. Sikuogopa hata kidogo, na hilo ndilo lililoniogopesha baadaye.

Nekesa anasema ni jambo la kawaida. Gambuti ilikuwa na maji ya mvua, ni shimo refu lenye giza, ni bomba jingine tu kwa mkunga. Nakubali. Lakini gambuti zilikuwa mbili, zote zina maji, zimesimama pamoja. Aliingia ya kushoto.

Hapo nikaelewa kwamba amechoka kusubiri, ameamua kutoka akutafute. Na nikaona siwezi kumfanyia hivyo tena. Siwezi kumwita kila jioni kwa miguu ya mtu asiyekuja.

Nilimrudisha tangini, na leo asubuhi nilijaza maji ya tangi kwenye gambuti ileile, nikaielekeza kwake, akaingia mwenyewe. Nikaikumbatia kifuani hadi mwaloni. Mguuni nilivaa ndara zangu. Nnalongo alikuwa akianika mukene chini ya turubai. Aliponiona akaanza.

"Ee nyabo! Mvua inanyesha, gambuti umebeba mikononi, miguu iko nje! Ni fasheni ya wapi?"

"Nimekurudishia samaki wako."

Akachungulia, akaruka nyuma. "Mama! Bado anaishi huyo? Mimi nilijua mzee wako Wafula alikula yeye zamani."

"Alimlisha. Hakumla."

"Bambi," akasema, kwa ile sauti yao ya kumhurumia mtu, na hakunitania tena.

Nililaza gambuti kwenye maji ya kifundo cha mguu, mdomo wake umeelekea ziwani. Nikangoja. Hakutoka. Nikaiinua nyuma kidogo, maji yakamwagika, yeye akang'ang'ania ndani. Nnalongo akasema nimpige kwa kijiti. Nikakataa.

Nilijua la kufanya. Sikutaka, lakini nilijua.

Nilirudi nchi kavu, pale ardhi ilipo ngumu, nikatembea kuelekea majini. Sikuwa na gambuti. Nilidhani sitaweza bila ile soli iliyolika. Mguu wangu ukafanya wenyewe. Du, shaa. Du, shaa.

Nnalongo aliacha kuanika. Hakunitazama mimi. Alitazama nyuma yangu, juu kidogo ya bega langu, pale ambapo ungekuwa uso wa mtu mrefu. Midomo yake ikaanza ile salamu aliyokuwa akikusalimia wewe, "Mzee, leo..." halafu akaufunga mdomo kwa kiganja. Sikugeuka. Nisamehe. Nilijua nikigeuka na pakawa patupu nitashindwa kuendelea, na nikigeuka na pasiwe patupu nitashindwa vilevile.

Karani akatoka. Kichwa, kisha mwili wote. Hakuelekea ziwani. Alijigeuza kwenye yale maji machache akatazama nchi kavu, kule hatua zilikokuwa zikitoka, akifungua na kufunga mdomo.

Nikasimama.

Kila jioni nilisimama hivyo kizingitini ili asubiri zaidi. Leo nilisimama ili aache. Nilibana hata pumzi. Manyunyu yalikuwa yakigusa maji pande zote. Alingoja, Baba Nekesa. Alingoja muda mrefu kuliko nilivyodhani nitavumilia. Kisha akajikunja mara moja, akageuka, na nikaona mchanga umechorwa mstari mmoja kwenda kwenye kina. Baada ya hapo sikuona kitu.

Nilimwaga maji yaliyobaki, nikarudi barabarani na ndara zangu. Nilikuwa nikisikiliza miguu yangu njia nzima. Ilikuwa inatembea kama mimi.

Gambuti nimekuja nazo. Zimesimama mlangoni hapa Kalerwe, ya kushoto haijakauka bado. Nekesa ametoka kununua mafuta ya taa. Nimeandika hadi hapa, nimeinua macho kutazama saa ya ukutani: kumi na mbili na dakika chache. Na nimeona kwamba kiti changu, ambacho nilikiweka kutazama dirisha, nimekwisha kukigeuza. Sikumbuki nilikigeuza lini. Nimekaa natazama mlango.

Sitatembea kwa hatua zako tena. Hizo ni zako, nimekurudishia. Mimi nitabaki na zangu, ndogo, za ndara, ambazo hakuna aliyewahi kuzingojea kwenye kioo.

Popote ulipo, ukizisikia zinapita, nikumbuke.